Umeme wa Kuazima

Mstari ulikuwa umenyooka. Profesa Hanquet aliikunjua karatasi ndefu juu ya meza ya maabara, akaikandamiza pembe kwa koleo na bisibisi, na wasaidizi wake wakainama kuitazama. Wino wa buluu ulitoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine bila kutetereka, jioni baada ya jioni, kana kwamba mtu ameupiga kwa rula.

"Volti mia mbili na ishirini," Profesa alisema kwa Kifaransa. "Hapa na pale zinapungua kidogo, basi. Floribert, hata nyumbani kwangu sipati umeme mzuri kama wa mama yako."

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Antoine, karani wa maabara, kijana wa tai na viatu vya kung'aa ambaye hakuwahi kushika waya katika maisha yake.

Floribert Mulenga hakucheka. Katika chumba hichohicho, mbele ya watu haohao, alikuwa ameapa kwamba hakuna barabara yenye umeme mbaya katika Élisabethville nzima kuliko barabara yao ya kule cité Albert, mtaa wa Waafrika. Alisema jioni ikiingia, kila nyumba ikiwasha vyake, volti huporomoka mpaka taa zinageuka nyekundu na pasi zinapoa mikononi mwa wanawake. Hakusema kwa unyenyekevu. Alipiga meza. Alisema kama ni uongo, wamfukuze.

Alikuwa na sababu. Kwenye kona ya maabara lilisimama kabati la chuma ambalo Profesa alilifanyia utafiti tangu alipofika kufundisha katika chuo kikuu kipya. Ndani yake mlikuwa na mirija miwili ya kioo yenye mvuke wa zebaki, iliyowaka kwa mwanga wa zambarau. Volti za waya zikishuka, mirija ilipitisha mkondo zaidi kwenye koili nene, na koili ikazipandisha volti palepale, bila mkono wa mtu kugusa kitu. Maabarani lilifanya kazi vizuri. Sasa Profesa alitaka kulijaribu mtaani, na kabati lilikuwa moja tu. Litawekwa, alisema, katika barabara ambayo vipimo vitaonyesha kwamba volti zake zinashuka kweli. Ndiyo maana Floribert alikibeba kipimo cha kalamu, chombo cha kuchora volti kwenye karatasi, kwa baiskeli mpaka nyumbani, akakiweka juu ya kabati la vyombo la mama yake, na kila mtu wa barabara ile akajua kwamba mtoto wa Honorine ataleta taa nyeupe.

Na sasa mstari umenyooka.

"Basi kabati litakwenda mtaa wa Katuba," Profesa alisema, akianza kuikunja karatasi. "Huko volti zinashuka kweli, na nina karatasi ya kunihakikishia."

"Chombo ni kibovu," Floribert alisema.

Alilisema kabla ya kulifikiri. Uso ulimwaka moto, na macho ya Antoine yalikuwa bado yanacheka.

"Kibovu namna gani?"

"Kinasoma uongo. Aulizwe aliyekirekebisha."

Vichwa vikageuka. Aliyekirekebisha alikuwa Kalaba, mtu wa Mitwaba, mnene, mpenda mzaha na mpenda koti lake jeupe kuliko mke wake, kwa maneno yake mwenyewe. Vipimo vyote vya maabara vilipita mikononi mwake, naye alijivuna navyo kama mtu anavyojivuna na watoto waliofaulu shule. Yeye ndiye aliyemfundisha Floribert kushika chuma cha kulehemu bila kuungua. Floribert alimwita yaya, kaka mkubwa.

Kalaba alimtazama tu. Mdomo wake ulikuwa bado umebaki na tabasamu la mzaha wa mwanzo, likawa halina pa kwenda.

"Vizuri," Profesa alisema. "Kesho asubuhi Floribert atakirudisha chombo, na Kalaba atakifungua mbele yangu. Kikiwa na kosa, nitatafuta mtu mwingine wa vipimo. Siwezi kuandika utafiti juu ya vyombo vinavyodanganya."

Siku hiyo Floribert hakwenda kwenye kozi ya jioni. Kwa kawaida alitoka chuoni, akapita kwenye kozi, akafika nyumbani watu wamekwisha kulala na taa zimekwisha kupata nguvu. Leo alipanda baiskeli moja kwa moja kuelekea Albert, akikanyaga kwa hasira. Alimkasirikia Profesa, akamkasirikia Antoine, akajaribu kumkasirikia Kalaba pia, ila hilo lilikataa.

Alimkumbuka Antoine siku alipokuja kula kwao. Mama Honorine alipika kuku na ugali wa bukari, akaazima viti kwa jirani mmoja na vikombe kwa mwingine, na kitambaa cha meza kwa Mado wa ng'ambo ya barabara, kama ilivyokuwa desturi ya barabara yao. Nyumba ikipata mgeni, majirani walitoa walichonacho, na mgeni hakujua kwamba anakalia kiti cha mtu wa tatu na kunywa katika kikombe cha mtu wa tano. Yote yalikwenda vizuri mpaka jioni ilipoingia na taa ikaanza kufa. Ilikuwa nyekundu kama ncha ya sigara. Antoine aliinua sahani hadi puani. "Floribert, kuku iko wapi? Nipe kiberiti niitafute!"

Mgeni alipoondoka, Floribert alimgeukia mama yake. Alipiga kelele mpaka nje wakasikia. "Batu ba chuo bakikuja tena hapa, sitaki kuona ile taa nyekundu! Unasikia? Unanipatisha haya!" Kana kwamba mama ndiye aliyeitengeneza taa. Kana kwamba mama alikuwa na mtambo wa umeme chini ya kitanda chake. Mama alikusanya mifupa ya kuku kutoka mezani, akatoka nayo nje.

Alipokata kona kuingia barabara yao, Floribert alishuka kwenye baiskeli.

Barabara ilikuwa nyeusi. Jua lilikwisha kuzama, ni wakati ambao kila dirisha lilipaswa kuwa na taa hata kama nyekundu, lakini madirisha yalikuwa mashimo matupu. Watu walikuwa nje, kila ua na mbabula yake ya makaa, na wanawake walipika wakiinamia moto. Mzee Mwape, aliyestaafu kazi ya reli na ambaye redio yake ilikuwa redio ya barabara nzima, alikaa kizingitini na wenzake, na redio haikulia. Mbele ya nyumba yake, Mado, ambaye alipiga pasi nguo za watu na kuishi kwa kazi hiyo, alikuwa anapuliza pasi ya makaa. Shati jeupe lililokuwa mezani kwake lilikuwa na doa la masizi begani.

Nyumba moja tu iliwaka. Ilikuwa yao. Taa ilimwaga weupe mpaka barabarani.

"Karibu, mutoto ya mamba!" Mado alimwita. Mama Honorine alikuwa wa ukoo wa mamba na Mado wa ukoo wa samaki, watani tangu mababu, kwa hiyo Mado hakuwahi kumsemesha Floribert bila kumchokoza. "Leo umerudia mapema. Kozi imekufa?"

"Mama Mado, courant imekatika?" aliuliza, akizitazama nyaya za umeme.

Mado alicheka mpaka akaweka pasi chini. "Mzee Mwape, unasikia? Anauliza kama courant imekatika! Angalia kwenu, weye. Ile iko mwezi?"

"Sasa juu ya nini muko mu giza?"

"Mama yako aliazima."

"Aliazima nini?"

"Courant! Ulifikiri aliazima chumvi? Alipita kila mlango. Alisema muzungu wa chuo ameweka jicho yake mu nyumba, kasanduku yenye kuandika kila kitu, na taa isiwe nyekundu mbele yake. Basi, mamba akiomba, samaki atafanya nini? Jua likizama tunazima. Redio, réchaud ya kupikia, fer ya kupiga nguo pasi, yote. Mpaka watoto balale."

"Na mpira ya Léopoldville mu redio ilitupita," Mzee Mwape aliongeza kutoka kizingitini. "Lakini haizuru. Mambo ya mutoto wetu."

Floribert alisimama na baiskeli mkononi. Aliusikia mstari ule wa buluu ukipita kifuani mwake, ulionyooka, jioni baada ya jioni. Kila inchi yake ilikuwa mtu aliyekaa gizani kwa ajili yake. Naye alikuwa amepiga meza, na alikuwa amelitaja jina la Kalaba.

Ndani, Mama Honorine alikuwa ameketi karibu na chombo, amevaa kitenge chake cha Jumapili, mikono mapajani, kama mtu anayekaa na mgeni asiyejua lugha yake. Chini ya chombo palitandikwa kitambaa cha meza cha Mado. Kalamu ilikuwa inatembea polepole juu ya karatasi mpya, imenyooka.

"Baba, umekuja!" Alikuwa na furaha. "Angalia taa. Haikushuka hata mara moja. Nimeichunga."

Floribert aliiegemeza baiskeli mlangoni. Alikaa juu ya kiti. Kiti hakikuwa chao.

"Mama, ile kasanduku inapima ubaya," alisema mwishowe. "Nilitaka taa ishuke. Ikishuka, inaandika. Profesa akiona inashuka, analeta mashine ya kuiponyesha. Sasa ameona iko muzuri. Mashine itaenda Katuba."

Mama Honorine aliitazama kalamu. Aliitazama kwa muda, na Floribert aliona furaha ikimtoka usoni polepole, kama taa yao ilivyozoea kufanya.

"Kumbe njo nimeharibu kazi yako?"

"Mama..."

"Weye ulisema hautaki kuona taa nyekundu. Mbele ya batu ba chuo. Nilisikia vile." Alinyoosha kitambaa cha Mado kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kunjo. "Umwambie muzungu ni ujinga ya mama yako. Hatakukasirikia. Atajua hatukusoma."

Floribert hakuweza kumtazama. Laiti angemkaripia. Laiti angemkumbusha kelele zile, kuku yule, mifupa ile. Lakini alikuwa ameyapokea maneno ya mwanawe kama kazi aliyopewa, na alikuwa ameifanya vizuri.

Asubuhi alikifunga chombo nyuma ya baiskeli na kukipeleka chuoni. Kalaba alimngoja. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi upya, na bisibisi zake zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa safi, kubwa mpaka ndogo, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa na anataka afike akiwa nadhifu. Hakuna mzaha.

"Weka pale," alisema.

"Yaya Kalaba..."

"Weka pale, Floribert."

Profesa alikuja na Antoine nyuma yake. Kalaba alikiunganisha kipimo cha kalamu na kipimo kingine kikubwa cha maabara, kile kisichotoka mezani, akapandisha volti kidogokidogo, akasoma kwa sauti. Vyombo vyote viwili vilikwenda pamoja. Kwa mia na sitini vilikubaliana, na kwa mia mbili pia. Mwisho kabisa, kwa mia mbili na ishirini, kalamu ilisimama juu kidogo ya mahali pake.

"Volti mbili," Kalaba alisema. Alilisema wazi, wala hakulificha. "Kinazidisha volti mbili."

"Leo mbili," Antoine alisema, "kesho sitini."

Profesa alikunja uso. "Kalaba, nilikuuliza siku ulipokitoa. Uliniambia hakina kosa."

Kalaba alianza kuzikusanya bisibisi zake.

Floribert aliuona mlango wa kuponyokea. Ulikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyemsukuma atoke wala abaki. Angenyamaza tu. Profesa angesema chombo kina kasoro, vipimo virudiwe, barabara yao ingepata nafasi nyingine, na hakuna mtu duniani angejua habari ya Mama Honorine na kitambaa cha meza. Ingegharimu koti moja jeupe.

"Volti mbili si kitu," alisema. "Chombo ni kizima, Bwana Profesa. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Ulichora mstari wewe?"

"Hapana. Mstari ni wa kweli. Barabara ilizimwa." Kifaransa chake, alichokipenda na kukisugua kila usiku, kilianza kumkimbia. "Watu walizima taa zao ili ya kwetu iwake vizuri. Kwa kuwa chombo chako kilikuwa kwetu. Kama vile... mtu anapopata mgeni, anaazima viti."

"Nani aliwaambia wazime?"

"Majirani," alianza, kisha akaona anakimbia tena. "Mama yangu. Aliwaomba."

"Kwa nini?"

Ilikuwa lazima aseme hilo pia, na Antoine amesimama pale. "Kwa sababu nilimpigia kelele. Mgeni wangu aliicheka taa, nikaona haya, nikamwambia mama sitaki kuiona tena. Basi akahakikisha haionekani. Na jana nilipoona mmenicheka nikamtupia Kalaba. Sikuwa na sababu yoyote. Alikuwa karibu tu."

Antoine alishusha macho kwenye viatu vyake. Profesa, yeye, alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini Floribert angependelea kofi.

"Barabara nzima gizani ili kunipendeza mimi! Hilo sikuliwazia katika mahesabu yangu."

"Si wewe, Bwana," Floribert alisema. "Mimi."

Profesa aliacha kucheka. Aliitazama karatasi, akalitazama kabati. "Jioni hii nitakuja mwenyewe," alisema. "Kalaba atakuja na chombo chake. Watu wawashe kama kawaida yao, wasizidishe wala wasipunguze. Volti zikishuka, kabati ni lenu. Zisiposhuka, sitaki kusikia tena habari ya barabara hii."

Mchana Floribert alipita mlango kwa mlango. Alidhani itakuwa rahisi: kuwaambia watu wawashe taa zao wenyewe. Kwa Mzee Mwape walimcheka. "Jana tuzime, leo tuwashe. Kesho utatuomba tucheze?" Kwa Mado alikuta umati umekwisha kukusanyika, maana habari ilimtangulia.

"Nitawasha," Mado alisema, mikono kiunoni. "Nitawasha fer, nitawasha réchaud, nitawasha mpaka nywele. Lakini omba muzuri. Omba kama mama yako."

"Mama aliomba namna gani?"

"Haukujua? Alipiga magoti. Mu kila mlango. Nilimwambia, Honorine, inuka, sisi ni batani, utanichekesha. Alikataa. Alisema jambo iko kubwa."

Watu walikuwa wanangoja mzaha uendelee. Floribert alitazama vumbi jekundu mbele ya kizingiti cha Mado. Palikuwa na alama za nyayo nyingi, na bila kutaka alizitafuta kati yake zile za magoti ya mama yake, ingawa upepo na watu walikuwa wamekwisha kuzifuta. Akapiga magoti. Barabara ikalipuka kwa kicheko, mtoto mmoja akapiga mluzi, na Mado mwenyewe akacheka, kisha akauona uso wa Floribert na kuacha.

"Inuka, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Inatosha. Nitawasha."

Jioni ilipoingia, Profesa alikuwa ameketi mezani kwa Mama Honorine, Kalaba yupo karibu na chombo, na Floribert kasimama ukutani. Nje redio ya Mzee Mwape ililia. Harufu ya chakula ilitoka majikoni, na haikuwa ya makaa. Taa iliyokuwa juu yao ilitikisika mara moja, kama mtu aliyeguswa begani. Kisha ikaanza kushuka. Ilikuwa njano, ikawa rangi ya chungwa, ikawa nyekundu, na ndani ya kioo chake uzi uliokuwa unawaka ukaonekana wazi, mwembamba na wenye aibu. Kalamu ikashuka pamoja nayo. Uso wa Profesa ukapotea, mikono ya Kalaba ikapotea.

"Mia na sitini?" Profesa aliuliza gizani.

"Sioni, Bwana," Kalaba alisema.

Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Mama Honorine alitoka na taa ya mafuta, kioo chake kimesuguliwa kwa majivu mpaka kikang'aa. Alikuwa ameiandaa mapema. Hakumwangalia mwanawe. Aliiweka mbele ya Profesa kwa mikono miwili, akapinda magoti kidogo.

"Bwana asikae mu giza," alisema. "Utusamehe taa yetu."

Floribert alitaka kusema kwamba hakuna cha kusamehewa, kwamba giza hili ndilo walilokuja kulitafuta, kwamba leo taa nyekundu ni ushindi wao. Maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa mazuri. Hakuna hata moja lililokuwa la kumtaka mama yake radhi.

"Yaya Kalaba," alisema badala yake, "nisamehe."

Kalaba alikuwa ameinamia chombo. "Shika taa," alisema bila kugeuka. "Ilete hapa karibu nisome. Juu zaidi. Hapo."

Floribert aliinua taa ya mafuta, akaishika karibu na shavu lake.

"Mia na hamsini na nane," Kalaba alisoma.

"Vizuri sana," Profesa alisema, akiandika. "Vizuri sana. Kabati litakuja hapa. Usitingishe taa, Floribert."

Hakuitingisha. Kupitia dirisha alimwona mama yake akivuka barabara kuelekea kwa Mado, ambaye alikuwa anapiga pasi chini ya taa nyekundu kama yao. Kitambaa cha meza kilikuwa kwapani mwa mama, kimekunjwa vizuri. Alikuwa anakirudisha kabla hajaulizwa. Floribert angependa kugeuza uso, lakini Kalaba alihitaji mwanga, na mwanga wote uliokuwamo ndani ya nyumba ile ulikuwa usoni pake.